Barakoa Mbili

Ramadhani ya mwaka 2020 ilinikuta kliniki ya afya ya akili, hapa Mtwara, muuguzi niliyefunga, barakoa ya kitenge usoni. Kliniki yenyewe watu wa mjini huiita "kwa vichaa", japo ukiwahesabu waliokaa kwenye mabenchi utakuta wengi ni wa kifafa.

Korona ilikuwa imetangazwa nchini tangu Machi 16. Kazi yetu sisi ni kukaa na mtu, kumtazama usoni, kumwacha aseme mpaka amalize. Sasa mwenye wahka anasogea, wewe unarudi nyuma, naye anaona unamkimbia. Halafu hesabu ya taifa ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, haikusogea tena. Kikohozi cha mtu benchini ukawa unakipigia ramli mwenyewe.

Nyumbani nilioga uani kabla ya kuingia ndani, sare nikailoweka kwenye klorini mpaka ikachakaa. Mwanangu nilimhamishia chumbani kwa bibi yake. Usiku natega sikio ukutani, nisikie kama mama mkwe anakohoa. Asubuhi, swali langu la kwanza kwa kila mgonjwa ni lile lile: "Usingizi unapata?" Akisema siku tatu hajalala, namkimbiza kwa daktari. Mimi nilikuwa na wiki mbili.

Jumanne moja, adhuhuri inakaribia, akaja kijana wa Msangamkuu. Mgonjwa wa kifafa wa miaka. Bahari tulimkataza, akabaki kushona nyavu ufukweni. Mpole, jina lake likiitwa huinua mkono kama yuko darasani. Alifika mezani, akaishusha barakoa kidevuni ili anisalimie vizuri. Basi, kosa lake ni hilo.

Nilimfokea mpaka wa dirisha la dawa akachungulia. "Unataka kuniua? Unataka kuniulia mtoto?" Kijana alirudi nyuma, kadi ikamdondoka, akatoka. Dawa zake za miezi miwili (wakati ule tulitoa za miezi miwili, kupunguza msongamano) zikabaki mezani ndani ya bahasha ya kaki yenye mwandiko wangu.

Fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, haiachwi ghafla. Ikikatwa, kifafa kinaweza kumrudia mtu mfululizo, kimoja juu ya kingine bila kuzinduka katikati, na hapo watu hufa. Hayo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi mimi mwenyewe. Ile bahasha niliitazama hadi saa tisa, kisha nikaitia kwenye mkoba nikaenda kupanda feri.

Mama yake nilimkuta anaosha ming'oko ya futari. "Karibu mwanangu, kwema?" Nikasema kijana kasahau dawa. Zilisahaulikaje, sikusema.

Mwenyewe alikuwa kando ya mtumbwi uliofudikizwa, nyavu magotini. Aliniona, hakuinuka. Nikachuchumaa.

"Nisamehe, kaka. Silali."

Sindano ya nyavu ikasimama. "Siku ngapi?"

"Kumi na nne."

Akaguna. Akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Bahasha aliipokea.

Kesho yake nilimweleza bosi wangu. Aliniuliza anipeleke kwa nani, maana washauri nasaha wa hospitali ndio sisi. Tukacheka, kicheko cha ovyo. Mwishowe akanipa siku nne za kukaa nyumbani. Usiku wa kwanza nililala mpaka daku ikanipita, nikafunga na njaa ya jana.

Julai shule zimeshafunguliwa, barakoa hazionekani tena, hata mimi yangu iko mkobani. Jina la kijana likaitwa. Mkono ukainuka nyuma kabisa. Akaja mezani amefunika uso hadi chini ya macho, barakoa ya kitenge juu ya ile ya hospitali, jasho linamtiririka.

"Leo usinifokee, sista," akasema kutoka humo ndani. "Nimevaa mbili."