Pete ya fedha ya babu: kumbukumbu ya kutafuta kipimo

Babu yangu wa Wete alikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la akiki. Kidole kikavimba, fundo likakataa kuipitisha, ikabidi ikatwe kwa koleo. Jiwe alilihifadhi, na sasa namtengenezea pete mpya ya kulibeba. Nimejiwekea sharti kwamba sigusi fedha mpaka kipimo kikubali.

Kupima kutoka mbali

Mimi niko Unguja, yeye yuko Pemba, kwa hiyo tulianza kwa simu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Ishakuwa tayari?"

"Bado babu. Kwanza nakitaka kidole chako."

Binamu yangu alikuwa hapo pembeni, ndiye aliyepima. Nilimwambia asitumie uzi, kwa sababu uzi huvutika tena huzama kwenye nyama, ukatoa kipimo kidogo kuliko kidole chenyewe. Alikata ukanda mwembamba wa karatasi, akauzungusha, akatia alama ya kalamu pale ncha zinapokutana, kisha akaulaza kwenye rula. Shina la kidole likatoa milimita 60, na fundo likatoa 66.

Hapo ndipo kazi ilipo. Mwenye kidole kilichonyooka hupima shina akamaliza. Babu fundo lake limejaa kwa uzee na kwa miaka ya karafuu. Pete ya 60 haitopita kwenye fundo, na ya 66 ikishapita itaogelea kwenye shina. Kinachotakiwa ni pete inayopita kwa kubishana kidogo na fundo, halafu ikakaa. Nikaanzia mzingo wa 64, ambao ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha ndani cha milimita 20.4. Kwa namba za Kimarekani hiyo ni baina ya 10 na nusu na 11. Kwa vipimo vya Ulaya ni 64 yenyewe, maana wao wengi huandika mzingo wa ndani kwa milimita, na mimi naona ndio utaratibu ulio wazi zaidi.

Kidole hakitulii

Tulipima wakati wa kipupwe, asubuhi. Joto la kaskazi likija, vidole vinajaa. Hata ndani ya siku moja jioni si sawa na alfajiri, na mtu akila chumvi nyingi usiku huamka vidole vizito. Kwa hiyo nilimwomba binamu arudie kupima alasiri, babu akishatoka shamba na mikono ikishapoa. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo, na ilikuwa ya kuongezeka.

Tena babu ana udhu. Pete ikibana lazima aizungushe mpaka maji yafike kwenye ngozi, na hilo ni jambo la kila siku, tangu alfajiri hadi isha. Na akipanda mkarafuu lazima aivue, kwani pete ikinasa kwenye tawi na mwili ukashuka, kidole kinaweza kuchunika chote. Pete isiyovuka fundo kwa urahisi simtengenezei.

Pete za shaba

Kabla ya fedha nilitengeneza pete za majaribio kwa bati la shaba: ya milimita 20.0, ya 20.4 na ya 20.8. Hatua ya 0.4 ni kama nusu saizi ya Kimarekani. Zote nilizipa upana wa milimita 8, sawa na pete yenyewe itakavyokuwa, na hili nalisisitiza kwa yeyote anayetaka kujaribu. Pete pana hugusa nyama nyingi zaidi, hubana kuliko nyembamba ya kipenyo hichohicho. Ukipimia waya mwembamba halafu ukatengeneza pete pana, utaambiwa inauma.

Nilizituma kwa jamaa aliyekuwa akivuka. Babu akakaa nazo, akavaa moja baada ya nyengine, asubuhi na jioni. Jibu lake: ndogo inaganda kwenye fundo, kubwa inageuka anaponawa, ya kati "imekaa, na mkono hauijui". Kubwa nisingeichagua hata angeipenda, kwani jiwe lina uzito na pete iliyolegea hupinduka, jiwe likaangalia kiganjani.

Kukata fedha

Ukanda ni wa fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika elfu, na zilizobaki aghalabu ni shaba. Unene wake ni milimita 1.5. Urefu wa kukata si 64. Ukikunja ukanda, upande wa ndani unajikunyata na wa nje unavutika, kwa hiyo hesabu hufuata katikati ya unene: 20.4 ujumlishe 1.5, uzidishe kwa 3.14, unapata 68.8. Ukikata 64 kamili, pete inatoka na kipenyo cha 18.9, karibu saizi mbili nzima pungufu.

Nimekata, nimelainisha kwa moto, nimekunja kwenye fimbo ya chuma yenye alama za vipimo kwa nyundo ya mbao, nimelehemu. Weusi wa moto umetoka kwa maji ya ndimu yaliyochemka. Leo nimeshinda na tupa na msasa upande wa ndani, nikiziua kona mbili mpaka ndani pamekuwa na mbinuko kidogo. Mbinuko huo ndio unaoifanya pete pana iteleze juu ya fundo. Nilipoirudisha kwenye fimbo imesoma 20.4, maana nimeondoa kingo tu, katikati sikugusa.

Kilichobaki ni ukingo mwembamba wa kushikilia akiki. Nitaulehemu kwanza, jiwe nitalitia mwisho, kwa sababu moto wa ghafla huipasua akiki. Mama mdogo anavuka wiki ijayo, nikiwahi nitampa yeye aipeleke.