Petroli ya 95 au 98 kwa gari la tabo: jibu nililipata kwenye taimingi

Namba ya okteni iliyoandikwa kwenye pampu, kama 95 au 98, haisemi petroli ina nguvu kiasi gani. Inasema itavumilia joto na mgandamizo hadi wapi kabla ya kujiwakia yenyewe. Lita ya 95 na lita ya 98 zina nishati inayokaribiana sana, kama megajuli 32 kila moja, kwa hiyo injini isiyohitaji 98 haipati chochote cha maana ikinyweshwa. Faida inakuja pale tu kompyuta ya injini inapokuwa inarudisha taimingi (wakati plagi inapowasha cheche) nyuma ili kukwepa noki, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Ndiyo maana sikuanza na pampu. Nilianza kwa kutazama kama injini inalalamika.

Injini yenyewe ni ya lita 2.0, silinda nne za kipenyo cha milimita 86, kompresheni 9.5:1, tabo (feni inayoisukumia injini hewa kwa presha) inasukuma bar 1.2, na nozeli zinapuliza kwenye njia ya hewa kabla ya vali. Kibandiko ndani ya kifuniko cha mafuta kinasema 98 inapendekezwa, isishuke chini ya 95.

Kabla ya chochote, hakikisha unasoma namba ya mfumo mmoja. Kuna RON, inayopimwa kwenye injini maalumu ya silinda moja ikizunguka mara 600 kwa dakika, na kuna MON, inayopimwa kwa mizunguko 900 huku mchanganyiko ukipashwa hadi nyuzi 149. Nchi nyingi hubandika RON kwenye pampu. Marekani na Kanada hubandika wastani wa zote mbili, ndiyo maana 91 yao ni kama 95 au 96 ya RON, na 93 yao iko karibu na 98. Mtu akichukua mwongozo wa gari la Marekani ulioandikwa 91 akaweka RON 91, amempa tabo mafuta dhaifu kwa pointi nne au tano, na injini itamweleza.

Kosa la pili ni kujaza mara moja na kutoa hukumu. Tangi langu ni la lita 50. Likibaki na lita 10 za 95 nikaongeza lita 40 za 98, ninachopata ni kama 97.4, si 98. Nikiendesha hadi zibaki 10 tena na kujaza 98 mara ya pili, nafika 97.9. Kwa hiyo vipimo vyote vya 98 nilivichukua kwenye tangi la pili. Sishushi chini ya lita 10 makusudi: pampu ya ndani ya tangi hupozwa na mafuta yanayoizunguka, na kuikausha kwa ajili ya usafi wa hesabu ni kujitafutia gharama.

Kupima, nilichomeka kisomaji kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, na kurekodi vitu vitano: mizunguko, presha ya tabo, joto la hewa inayoingia, taimingi, na marekebisho ya noki, yaani digrii ambazo kompyuta imerudisha taimingi, kwa kila silinda. Gari lilikuwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, gia ya tatu, pedali hadi chini kutoka mizunguko 2,500 mpaka 6,500. Mara tatu kwa kila mafuta. Kati ya mara moja na nyingine nilisubiri joto la hewa inayoingia lirudi ndani ya nyuzi 3 za lile la mwanzo. Usiposubiri, utaisingizia petroli kosa la intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) iliyochemka, maana hewa ikipanda nyuzi 15 peke yake inatosha kuleta noki ambayo haikuwepo.

Kwa 95, silinda ya 1, 2 na 4 zilirudishwa digrii 1 hadi 2. Silinda ya 3 ilirudishwa digrii 5 kwenye mizunguko 3,500, pale tabo inapokuwa imejaa na pistoni bado zinaenda taratibu, kwa hiyo mchanganyiko unapata muda mrefu wa kuiva kwenye joto. Kwa 98, tatu zilirudi sifuri. Ya 3 ikabaki kwenye digrii 3.

Wengi hapa wangenunua chupa ya kuongeza okteni. Lakini petroli ni ileile kwa silinda zote nne. Moja ikilalamika peke yake, tatizo ni la silinda hiyo. Nilitoa plagi. Kaure ya tatu ilikuwa nyeupe kuliko wenzake, na ukiishika kwenye mwanga wa tochi unaona vidoa vidogo vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Weupe ni dalili ya mchanganyiko mkavu, hewa nyingi mafuta machache. Vile vidoa ni alama ya noki. Nozeli nne zilipowekwa kwenye benchi la kupimia, ya tatu ilitoa mafuta pungufu kwa asilimia 8. Sensa ya oksijeni haikuona kitu, kwa kuwa inapima moshi wa silinda zote uliochanganyika: tatu zilizo sawa zinaificha moja yenye njaa.

Baada ya kusafishwa kwa mawimbi ya sauti na kubadilishwa vichujio vyake vidogo vya juu, tofauti ilishuka hadi asilimia 2. Nilirudia vipimo. Kwa 98 silinda zote zilikaa sifuri, na kwa 95 zote nne zilikuwa kati ya 1 na 2. Hiyo ndiyo tofauti halisi ya petroli hizi mbili kwenye injini hii. Digrii 3 zilizobaki mwanzoni zilikuwa uchafu uliojivika sura ya okteni ndogo.

Kuna pia noki ya uongo. Sensa ya noki ni sikio tu. Haijui kama inachosikia ni mlipuko au bati la ekzosi linalocheza. Sauti ya noki ina masafa yanayotokana na kipenyo cha silinda: gawa 900 kwa 3.14 mara nusu kipenyo kwa milimita, unapata kilohezi. Kwa 86 inatoka kama 6.7. Bati lililolegea likitetema karibu na hapo, kompyuta itakata taimingi bure. Kwa hiyo kaza kila kitu kinachogusa bloku, na sensa yenyewe ifungwe kwa kipimo cha mtengenezaji, ambacho kwa sensa nyingi za aina hii ni kama Nm 20. Usiiwekee washa (ringi bapa ya bolti) chini yake. Inatakiwa iguse chuma moja kwa moja.

Ubora ni suala jingine kabisa, na kwa maoni yangu ni zito kuliko kubishana kati ya 95 na 98. Petroli ya 98 iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni mbaya kuliko 95 safi. Kipimo cha karatasi kinasaidia: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia, subiri dakika chache. Petroli safi hukauka bila kuacha kitu. Doa la mafuta likibaki, kuna kitu kizito ndani. Kipimo cha densiti kinasifiwa kupita kiasi. Petroli inaruhusiwa kuwa kati ya 0.720 na 0.775 kwa nyuzi 15, na mafuta ya taa ni kama 0.80. Changanya asilimia 10 kwenye petroli ya 0.745 utapata 0.7505, bado ndani ya kiwango. Kinafaa tu kama unaijua densiti ya kawaida ya kituo unachotumia na unaona imeruka.

Ethanoli, pombe inayochanganywa kwenye petroli, ndiyo rahisi kupima. Kwenye bomba la kioo la mililita 100, weka maji 10, ongeza petroli 90, ziba, tikisa dakika moja, acha litulie. Ethanoli inaikimbia petroli na kuingia kwenye maji. Tabaka la chini likisoma 19, ethanoli ni 9 kati ya 90, yaani asilimia 10. Fanya nje, mbali na moto, na usirudishe kile kimiminika kwenye tangi.

Ethanoli si adui wa tabo. RON yake iko karibu na 109 na inapoza sana ikigeuka mvuke. Shida ni ujazo. Kupata asilimia 30 kwenye tangi la lita 50 ukitumia E85 (mafuta ya ethanoli kama asilimia 85) na petroli yenye asilimia 10 (E10), unahitaji lita 13.3 za E85, na injini itadai mafuta zaidi kwa kama asilimia 9. Kama nozeli zako tayari ziko wazi asilimia 85 ya muda, zitakaribia 93, na hapo hakuna akiba tena. Mchanganyiko ukikauka kwenye mizunguko ya juu pistoni inaondoka. E85 yenyewe haina asilimia 85 kila siku, huko Marekani inaruhusiwa kushuka hadi 51. Pima kila pipa. Na kama gari litakaa miezi bila kutembea, mafuta yenye ethanoli yatavuta unyevu. Kwenye E10, maji yakifika kama nusu ya asilimia moja yanaanguka chini pamoja na ethanoli, na petroli inayobaki juu imepoteza okteni yake.

Chupa za kuongeza okteni nazitumia kwa dharura tu. "Pointi 30" kwenye lebo mara nyingi ni 3.0 za okteni, kwa sababu pointi moja yao ni 0.1, na hapo wamehesabu tangi dogo. Nyingi zina manganizi, inayopaka plagi rangi ya kutu. Tabaka likikolea umeme unapita juu yake badala ya kuruka pengo, na injini inaanza kumisi. Petroli ya mashindano yenye risasi, au ile ya ndege ya 100LL, haiingii kwenye gari lenye katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Risasi inaiua katalisti pamoja na sensa za oksijeni.

Nikikosa 98, naweka 95 na kushusha tabo hadi bar 0.9, na naikwepa pedali ya mwisho chini ya mizunguko 3,500 hasa gia za juu. Kisha narekodi tena. Marekebisho yakibaki ndani ya digrii 2 naendelea na safari. Yakipita 3 kwenye silinda zaidi ya moja, natafuta kituo kingine kabla tangi halijafika robo.