Leo tumelipitia upya azimio la kazi la somo la kompyuta

Mchana huu tuliketi pamoja na walimu wa shule jirani kulipitia azimio la kazi la somo la kompyuta (yaani mpango wa mada za kufundisha na wakati wa kila mada), ili liendane na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa nchini Tanzania Januari 2024.

Mjadala mrefu zaidi ulihusu usalama mtandaoni.

Mwalimu mmoja, ambaye kwa kawaida ni mkimya, alieleza kwamba wanafunzi wake wengi huishika simu ya mzazi kabla hawajaiona kompyuta, hivyo mafunzo ya kulinda nywila na kutambua ujumbe wa kitapeli hayapaswi kusubiri mpaka sehemu za kompyuta zimalizike kufundishwa.

Nilifarijika mno tulipokubaliana kuitanguliza mada hiyo.

Walimu wenzangu, ninyi huanza na mada ipi, hasa pale kompyuta zinapokuwa chache kuliko wanafunzi?