Siku ya kufikisha baiskeli Mbeya

Saa 9 usiku. Simu iliita, lakini nilishaamka zamani. Mimi ni fundi baiskeli Tandika, na safari hii nimekodiwa na wateja wanne: walimu wawili, dada mmoja muuguzi na kijana wa benki. Wanataka kuendesha kutoka Mbeya hadi Mtwara. Watapitia Tukuyu na Kyela, wavuke Ziwa Nyasa kwa meli mpaka Mbamba Bay, kisha Mbinga, Songea, Tunduru na Masasi. Si chini ya kilomita 900 za kukanyaga. Wanaanza kesho. Kazi yangu leo ni kuhakikisha baiskeli tano, yangu ikiwemo, zinafika Mbeya nzima, na kusema kweli siku hii naiogopa kuliko mlima wowote.

Mtu atauliza kwa nini tusianzie Dar hapa hapa. Nimeshaendesha barabara ya Tanzam, ile ya kutoka Dar kwenda Zambia, mara moja, na lile lori la Tunduma lililonipitia karibu na sikio bado nalisikia. Basi ni la heshima.

Saa 10:30 alfajiri. Kirikuu kilitushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi. Nikatandika turubai chini ya taa nikaanza kufungua. Gurudumu la mbele linatoka, na kipande cha mti kinakaa katikati ya uma, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, usije ukabanwa. Pedeli zinatoka pia. Ya kushoto inafunguka kinyume, na mwalimu mmoja alikuwa ameshaning'inia kwenye spana akizidi kuikaza, nikamwambia, "Mwalimu, hiyo niachie mimi." Breki za maji nazichomekea karatasi ngumu, maana ukibonyeza mkono wa breki wakati gurudumu halipo, pedi zinakutana na kuziachanisha ni shughuli. Mwisho gia ya nyuma, kile kifaa kinachohamisha cheni: naifungua, naizungushia kitambaa na kuifunga ndani ya fremu.

Nilifanya hivyo kwa baiskeli nne. Ya tano ni ya kijana wa benki. "Yangu usiiguse fundi, gia zimerekebishwa juzi tu." Nikamsikiliza. Shauri ya usingizi.

Kisha konda. "Anko, hawa ni abiria watano hawa."

"Kaka, hawali, hawaombi kuchimba dawa."

Akacheka, lakini bei hakushusha kwa kicheko. Tulianzia elfu 30 kila moja, tukamalizia elfu 12. Nikaingia mwenyewe kwenye buti nikazipanga zikiwa zimesimama, upande wa cheni ukitazama ndani.

Saa 12 kamili tukaondoka. Nililala mpaka Morogoro, nikashuka Msamvu kuchungulia buti, nikarudi.

Saa 5 hivi tulikuwa ndani ya Mikumi. Barabara inakata hifadhi kwa kilomita kama 50. Dada muuguzi akaona tembo, basi zima likahamia dirisha moja. Mimi nilikuwa natazama bega la barabara. Ukishakuwa mtu wa baiskeli unakuwa na ugonjwa huo: huoni mandhari, unaona mashimo.

Ruaha Mbuyuni ndipo mambo yalipoharibika. Pale ni vitunguu, na abiria wa Mbeya hawapiti bila gunia. Nilikuwa siti ya nyuma. Mpaka nifike mlangoni, buti limeshafunguliwa na magunia matatu yako juu ya baiskeli. "Taratibu, mama yangu, shikamoo, hapo chini kuna baiskeli!" Mama akaniitikia marahaba kwa upole kabisa, gunia lake likabaki lilipo. Nikasogeza nilichoweza, honi ikalia.

Mlima wa Kitonga tulipanda nyuma ya lori lililokuwa likitambaa kama kinyonga. Wateja wangu walikuwa kimya, kila mmoja akipiga hesabu za miguu yake. Iringa saa 9 alasiri. Mafinga, Makambako, baridi ikaanza kuingia dirishani, watu wakatoa makoti. Baada ya hapo giza, sina la kusimulia.

Saa 3 usiku, Mbeya. Konda alikuwa na haraka, mimi sikuwa nayo. Nilitoa moja moja, nikazihesabu. Nne salama. Ya tano, ile iliyorekebishwa juzi, gia yake ilikuwa imeingia ndani, inakaribia spoku. Kijana wa benki akaitazama, akanitazama, hakusema neno. Na mimi sikusema.

Saa 4:30 usiku nilikuwa kwenye korido ya gesti, baiskeli imepinduliwa, tochi mdomoni. Kilichopinda si gia yenyewe, ni lile sikio la alumini linaloishikilia. Chuma kingekusamehe, alumini ukiipinda huku na huku inakatika, na sikio la akiba la aina hiyo sikuwa nalo. Nikalibana kwa spana malaya nikavuta kidogo, nikarudi nyuma kutazama, nikavuta tena. Kijana akaja na chai ya tangawizi, akachuchumaa akanimulikia.

"Zungusha pedeli," nikamwambia. Akazungusha. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikasita. Nikakaza waya robo mzunguko. Ikaingia.

"Kesho tunaondoka saa ngapi, fundi?"

"Saa 12. Nenda kalale."