Saa za Kiswahili zilivyoniumbua kwenye ripoti ya ajali

Hii kazi ya takwimu za ajali mie nimeirithi tu, aliyekuwepo kahamishwa kaniachia fleshi na madaftari mawili ya mkono. Kila mwisho wa mwezi unajumlisha, unachora grafu, unaionyesha kwenye kikao. Nikajua mteremko.

Ripoti ya kwanza nikachora grafu ya saa za ajali, nguzo nyekundu zimependeza hatari. Ndefu kuliko zote saa 7 na saa 8 usiku. Nikasimama kifua mbele nashauri doria iwekwe usiku wa manane. Mzee mmoja wa trafiki anayekaribia kustaafu akaniangalia weee, akasema, "Mwanangu, saa nane hiyo bodaboda zinamgonga nani, wachawi?" Ukumbi wote kicheko. Nilitamani nijifiche nyuma ya projekta.

Nikaambiwa niende kwa fundi. Fundi akasema ni virusi, akapiga Windows upya, akanila kama elfu thelathini hivi, grafu ikabaki vilevile! Virusi my foot.

Usiku nikalifungua daftari lenyewe. "Bodaboda na mtembea kwa miguu, saa 1:30 usiku." Mie nilichapa 1:30 nikapita. Sasa Excel Kiswahili itakijulia wapi, yenyewe ikaelewa saa saba na nusu usiku! Kumbe ile nguzo ndefu ni saa moja na saa mbili, giza ndo limeingia, watu wanatoka kazini wanavuka pasipo na taa. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Dawa yake nikaongeza safu mpya ya kuzigeuza ziwe saa za Excel, 0 hadi 23: za mchana jumlisha 6, za usiku jumlisha 18, ikifika 24 au kuzidi toa 24. Mtego uko kwenye saa 12, hapo nilikwama siku mbili. Ya jioni inakaa na mchana, 12 na 6 ni 18, safi. Ya asubuhi itupe kwa wenzake wa usiku, 12 na 18 ni 30, toa 24 unabaki na 6. Na "saa 1 jioni" nayo ni usiku usidanganyike. Aliyeandika "saa 2" kavukavu nampigia, asipokumbuka naweka "haijulikani", sibahatishi.

Bosi naye alishangilia Februari ajali zimeshuka, nikamwambia afande, Januari siku 31 hii 28, tugawe kwanza kwa siku. Akanuna. Machi kwa Machi pia angalieni, Pasaka ya 2024 ilikuwa 31 Machi, ya 2025 ikaenda 20 Aprili, na safari za watu zikahama nayo.

Kikao kilichofuata yule mzee akavaa miwani, akaikagua grafu nguzo kwa nguzo. "Eeh, saa mbili. Hapo sasa wamo watu." Doria ikasogezwa.

Fundi elfu thelathini sijamdai, ila fleshi yangu arudishe.