Mdoli wa gunzi

Jumamosi iliyopita mama mmoja aliingia kibandani kwangu, hapa Mwanjelwa, Mbeya, akiwa na mdoli wa plastiki wa binti yake. Mguu ulikuwa umechomoka. "Dada fundi, huwezi kunishikizia hapa?" Nikajaribu, lakini plastiki haipokei sindano. Nikapaka gundi, tukasubiri ikauke. Katika kusubiri huko akasema neno ambalo nimelala nalo wiki nzima: midoli imeletwa na wazungu, bibi zetu hawakuwa nayo.

Bibi yangu alikuwa nayo. Aliitengeneza nikiwa nimekaa miguuni pake, jikoni kwake, upande wa Tukuyu, tulikokuwa tukipelekwa kila likizo. Aliokota gunzi kavu kwenye rundo la kuwashia moto, akalizungushia kitambaa kilichobaki kwenye kitenge chake, akalifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba aliyoichana kwa ukucha. Mikono haikuwepo. Macho hayakuwepo pia. Alisema mwenye mtoto atayaona mwenyewe. Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema "Ndaga, Bibi," nikambeba mwanangu mgongoni kwa khanga kuukuu hadi kisimani.

Mwezi wa pili, mahindi yakiwa machanga shambani, tulifanya kosa kubwa zaidi. Tulichuma hindi lenye nywele ndefu, zile laini zenye wekundu kwenye ncha, tukalisuka. Nilijifunza kusuka kichwa cha hindi kabla sijagusa kichwa cha mtu. Tulichapwa, maana kila hindi lililosukwa lilikuwa ugali uliopotea, na hata hivyo nywele zilinyauka kabla ya jua kuzama. Kesho yake tulirudi tena.

Hakuna hata mdoli mmoja uliobaki katika ile yote. Tukuyu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kitambaa kinaota ukungu, mchwa wanamaliza kamba, na gunzi lisipooza linaingia mafigani. Aliyekuja baadaye kutafuta midoli ya watoto wa Kinyakyusa angekuta majivu, akaandika kwamba haikuwepo.

Nenda sasa Misri. Katika jumba la British Museum, London, kuna mdoli wa kitambaa uliotoka huko, wa enzi za Warumi, kati ya karne ya 1 na ya 5. Ni kitani kigumu kilichojazwa matambara na vipande vya mafunjo. Niliikuza picha yake kwenye simu hadi nikaona mshono. Aliyeushona alijaza takataka za kazi yake, kama ninavyojaza mimi vipande vinavyoanguka chini ya cherehani. Mdoli ule uliokolewa na mchanga mkavu. Ungezikwa kwetu Tukuyu, usingemaliza masika moja.

Ndiyo maana vitabu vya historia ya midoli vimejaa vitu vigumu. Wagiriki wa kale walifinyanga midoli ya udongo na kufunga mikono na miguu kwa uzi ili icheze. Uzi ulioza, udongo uko hadi leo. Mwaka 1889, mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa jengo la mahakama jijini Roma walikuta jeneza la msichana wa karne ya 2, Crepereia Tryphaena, na ndani yake mdoli wa pembe ya ndovu wenye viungo vya kukunjika. Pembe ya ndovu! Wasichana wangapi wa Roma walichezea matambara ambayo hatutayaona kamwe? Hapa kwetu pia kilichotunzwa ni mti: mwana hiti, kinyago kidogo cha Wazaramo, asiye na mikono, anayekaa na mwali ndani. Naye hakuwa wa kuchezea.

Viwanda vilipoanza, mabaki bado yalikuwa na kazi. Mafundi wa Sonneberg, Ujerumani, walitengeneza vichwa kwa karatasi iliyopondwa, baadaye kwa kaure, lakini miili mingi ilikuwa ya nguo au ngozi iliyoshindiliwa unga wa mbao. Kisha ikaja seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo, na hii iligusa moyo wangu wa fundi nguo, kwa sababu asili yake ni pamba, iliyopitishwa kwenye tindikali ya nitriki na kuchanganywa na kafuri. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, na ilishika moto upesi mno kwa kitu cha kumpa mtoto. Barbie alipotoka mwaka 1959, alikuwa wa vinaili, plastiki kama ya yule mdoli wa mguu uliochomoka. Tangu hapo mdoli ukivunjika, fundi kama mimi hana pa kuushika.

Mwaka jana mwalimu wa watoto kanisani aliniomba vikaragosi vinne vya kuvaa mkononi. Nilitumia soksi za mtumba na vifungo vya mashati. Neno lenyewe limesafiri: Karagöz ni kikaragosi maarufu wa Uturuki, anayekatwa kwenye ngozi ya ngamia iliyokwanguliwa hadi mwanga upenye, akapakwa rangi na kuchezeshwa nyuma ya pazia jeupe lenye taa. Kule Java, Indonesia, wanatoboa ngozi ya nyati wa kufugwa kwa patasi ndogo ndogo, kazi ya siku nyingi kwa kikaragosi kimoja. Kila mtu na mnyama aliye zizini kwake. Mimi nina soksi, na watoto walipiga kelele za furaha mpaka mzee wa kanisa akachungulia.

Gundi ya yule mama iliachia jioni ileile. Juzi nikamshonea binti yake mdoli mwingine: mwili wa vipande vya vitenge, nywele za sweta la mtumba nililolifumua, na katikati, mahali pa uti wa mgongo, nimeweka gunzi. Mgongoni sikushona moja kwa moja. Nimetia kifungo, ili gunzi likioza walitoe waweke jingine.