Tudor au Bamburi: kuamua unapozipenda nyumba zote mbili

Tuseme unatafuta nyumba ya kununua Mombasa, na zimebaki mbili. Moja iko Tudor, kisiwani: ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe, paa la vigae, vyumba vitatu, mwembe uani. Nyingine iko Bamburi: maisoneti (nyumba ya ghorofa ya familia moja) ya miaka minne, vyumba vinne, jikoni jipya, na bahari si mbali. Bei inalingana, tuseme shilingi milioni 14. Mama anataka ya Tudor, baba anataka ya Bamburi, na watoto wameshagawana vyumba kwenye zote mbili.

Wengi wakifika hapa huanza kulinganisha kabati, marumaru na geti. Nyumba njema si mlango. Kabati hung'olewa kwa wiki moja na fundi seremala. Cha kulinganisha kwanza ni kile ambacho hutaweza kukibadilisha hata ukipata pesa: ardhi iliyo chini ya nyumba, maji yake, upande inaoelekea, na njia ya kutoka na kurudi. Yaliyobaki ni kazi ya mafundi, na kazi ya mafundi ina bei inayoweza kutolewa kwenye bei ya muuzaji.

Ardhi

Pwani kuna jambo ambalo mnunuzi kutoka bara huwa halitarajii: nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni za mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi. Mtindo huu ni wa tangu zamani katika mitaa kama Majengo na Kisauni. Unaweza kuandikiana mbele ya wakili, ukapewa karatasi zenye mihuri, na bado ukawa umenunua mawe na mabati tu. Benki haitoi mkopo wa nyumba juu ya karatasi hizo. Vilevile kuna ardhi ya wakfu, ambayo haiuzwi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lolote kuhusu vyumba, omba nakala ya hatimiliki. Hati nyingi za zamani za Mombasa zina namba inayoanza na CR.

Sachi rasmi, yaani upekuzi wa rekodi za kiwanja kwenye ofisi ya ardhi, fanya wewe mwenyewe au wakili wako, usipokee ya dalali. Isome sehemu tatu: kiwanja chenyewe na ukubwa wake, jina la mwenye mali, na vikwazo. Kwenye vikwazo ndiko utakakoona rehani ya benki, tahadhari (zuio la kuhamisha mali) iliyowekwa na ndugu wa muuzaji, au amri ya mahakama. Kama umiliki ni wa muda, hesabu miaka iliyobaki. Mkataba wa miaka 99 ulioanza 1970 unakwisha 2069, na mtoto wako mchanga atakuwa bado yuko kazini. Benki nazo huhesabu miaka hiyo kabla ya kukukopesha.

Kwa maisoneti ya Bamburi swali kubwa ni jingine: je, kila nyumba ndani ya geti ina hati yake, au zote zinakaa juu ya hati mama, yaani hati moja ya kiwanja chote, ya mjenzi? Sheria ya Mali za Vitengo ya 2020 inaruhusu kila nyumba isajiliwe peke yake. Ukiambiwa «hati inatengenezwa», malipo ya mwisho yafungwe kwenye hati hiyo ndani ya mkataba, si kwenye ahadi.

Mlipe mpima ardhi aje na ramani atafute bikoni (alama za mipaka) zote za kiwanja. Ukuta wa jirani ukiwa umeingia mita moja ndani ya kiwanja chenye upana wa mita 15, umepoteza sehemu moja kati ya 15 ya ardhi unayoilipia. Na kama muuzaji ana mke au mume na nyumba ni ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya mwenzake. Idhini hiyo iwe kwa maandishi, naye aitie saini mbele ya wakili.

Chumvi, nondo na kuta

Hapa ndipo nyumba mpya huwaponza watu. Nyumba ya miaka minne iliyo karibu na bahari inaweza kuwa mgonjwa kuliko ya miaka 60. Upepo hubeba chumvi, chumvi hupenya kwenye zege, hufika kwenye nondo, na nondo hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Mambo huharakishwa na makosa mawili ya mjenzi: mchanga wenye chumvi ambao haukuoshwa, na nondo zilizowekwa karibu mno na uso wa zege. Karibu na bahari nondo inatakiwa ifunikwe na zege la milimita 40 au zaidi. Mara nyingi hukutwa na 15.

Nenda na tochi na nyundo ndogo. Tazama chini ya roshani, chini ya ngazi, pembeni mwa slebu (sakafu ya zege ya ghorofa), na nguzo zinazobeba tangi la maji. Unatafuta nyufa zilizonyooka zinazofuata mstari wa nondo, na madoa ya rangi ya chai. Gonga polepole. Zege zima hulia kwa sauti kavu na fupi. Lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Sehemu mbili tatu ndogo zinatibika: fundi huchimba mpaka nyuma ya nondo, husugua kutu yote, huunganisha nondo mpya palipoliwa, kisha hujaza upya. Akipaka plasta juu tu, ufa utarudi mapema. Slebu nzima ikilia debe, acha nyumba hiyo, hata bei ikishuka.

Nyumba ya Tudor ina faida kwamba kuta za mawe hazina nondo ndani. Zilizo na nondo ni linta za juu ya madirisha na milango, na hizo ndizo za kugongwa. Ugonjwa wake ni unyevu unaopanda kutoka chini, na alama yake ni unga mweupe wa chumvi na rangi inayobanduka kwenye mita moja ya chini ya ukuta. Ukikuta mita hiyo moja imepakwa rangi mpya na juu ni ya zamani, muulize muuzaji kwa nini. Kosa linalorudiwa ni kuziba unyevu huo kwa plasta ya saruji. Saruji huyanyima maji pa kutokea, nayo hupanda juu zaidi. Kuta hizi zinataka plasta ya chokaa, ambayo hupumua.

Panda darini. Angalia mbao zinazobeba vigae kama mchwa wameshaingia: zichome kwa bisibisi, na ikizama kama kwenye mkate, mbao imekwisha. Kubadilisha mbao za paa zima ni kazi kubwa kuliko kubadilisha vigae vyenyewe.

Na kama kati ya nyumba zako mbili kuna moja ya Mikindani, Changamwe au Miritini, ongeza jambo moja. Kisiwa na ukanda wa Nyali hadi Shanzu vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Upande wa magharibi kuna udongo wa mfinyanzi, ambao hufura wakati wa masika na kusinyaa wakati wa jua. Nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha huko ni dalili ya msingi unaocheza.

Maji

Maji ya mji wetu hutoka mbali: Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Hayatoki kila siku, na mgawo hutofautiana mtaa kwa mtaa. Usimuulize muuzaji, muulize muuza duka wa mtaani na mlinzi wa nyumba ya pili: maji ya mfereji huja siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi?

Kisha piga hesabu. Watu 6 kwa lita 100 kila mmoja ni lita 600 kwa siku. Maji yakija mara moja kwa wiki, unahitaji lita 4,200, yaani tangi la lita 5,000. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi hilo likijaa ni tani tano. Slebu isiyotengenezewa uzito huo hupasuka. Njia salama ni tangi kubwa chini, dogo la lita 1,000 juu, na pampu kati yao.

Kisima ni neema, lakini kisima cha karibu na bahari kinataka kujulikana. Maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba. Ukivuta sana, chumvi hupanda. Ukionja mwezi wa sita, baada ya masika, utayakuta matamu. Yaonje mwezi wa pili au wa tatu, kiangazi cha kaskazi kikiwa kikali. Kama huwezi kungoja, tazama mifereji na hita ya bafuni: ukoko mweupe na chuma kilicholika vinasema kweli kuliko glasi ya maji. Kisha peleka chupa maabara wakapime chumvi na vijidudu.

Vijidudu, kwa sababu sehemu kubwa ya Mombasa haina bomba la maji taka. Kila nyumba ina shimo lake, na mwamba wa matumbawe una matundu yanayopitisha maji upesi. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye shimo la maji taka, lako na la jirani. Kwenye viwanja vidogo umbali huo mara nyingi haupatikani. Basi maji ya kisima ni ya kufulia na kumwagilia tu. Ulizia pia gari la kunyonya maji taka huitwa mara ngapi, na linafika mpaka kwenye shimo au mpira utapita sebuleni.

Upepo na jua

Tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua la mchana huwa karibu utosini, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini huweza kukingwa na upenu wa kawaida. Zinazoumia ni za mashariki na magharibi. Chumba cha kulala chenye ukuta wa magharibi hupokea jua kuanzia saa nane mchana, na ukuta huanza kuurudisha moto huo ndani wakati watoto wanalala.

Ingia kila chumba cha kulala saa kumi na moja jioni, feni ikiwa imezimwa. Weka kiganja ukutani. Fungua dirisha na mlango, uone kama pazia linatikisika. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili, kaskazi kutoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba au Desemba. Chumba chenye dirisha moja tu hakipati hata mmoja wao ipasavyo. Maisoneti zilizobanana na ukuta mrefu wa geti mara nyingi hunyimwa upepo hata kama bahari inasikika. Hilo halina fundi, lina bili ya eyasii (kiyoyozi) kila mwezi.

Njia

Kazi na shule zikiwa kisiwani, Daraja la Nyali la 1980, linalounganisha kisiwa na upande wa Nyali na Bamburi, litakuwa sehemu ya maisha yenu. Endesha gari kutoka Bamburi Jumatatu, muhula ukiwa wazi, utoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Urudi siku hiyohiyo saa kumi na moja jioni. Tofauti ikiwa saa moja na nusu kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni saa 33 kwa mwezi. Lakini watoto wakisoma Nyali, hesabu inageuka na Tudor ndiyo inayovuka daraja. Madrasa na msikiti vya kwenda kwa miguu navyo vihesabiwe. Mtoto anayekwenda madrasa mwenyewe alasiri hampi mzazi safari ya pili.

Kuzipima kwa shilingi

Kwa kila nyumba andika bei, kisha ongeza ushuru wa stempu. Kwa mali ya mjini ni asilimia 4, nao hutozwa kwa thamani itakayotolewa na mthamini wa serikali. Kwa milioni 14 ni shilingi 560,000. Ongeza wakili, mpima ardhi, mthamini wa benki, kisha makadirio ya fundi mwashi, fundi bomba na fundi umeme, kila mmoja kwa maandishi. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15, ni ya muuzaji. Asikuingizie kwenye bei. Madeni ya kodi ya kaunti na ya ardhi pia ni yake, naye alete vyeti vya kuonyesha kwamba hadaiwi.

Nyumba ya Tudor inayotaka milioni 1.2 ya paa na unyevu ni nyumba ya milioni 15.2. Muonyeshe muuzaji makadirio hayo, mkae mzungumze. Ikiwa Bamburi haitaki ukarabati ila haina upepo na inavuka daraja, hakuna makadirio ya kupunguza hilo. Mimi, kwa familia ambayo kazi na shule ziko kisiwani, ningebeba gharama ya paa.

Amana ya kawaida ni asilimia 10. Ikae kwa wakili mpaka umiliki uhamishwe, isiingie mfukoni mwa muuzaji. Muda wa kukamilisha huwa siku 90. Ndani ya siku hizo sachi hurudiwa, hasa siku chache kabla ya malipo ya mwisho, maana tahadhari inaweza kuwekwa wakati wowote. Na yule muuzaji wa pili usimkimbie. Mpigie, mwambie kwa uungwana kwamba mmechagua nyingine ila bado hamjakamilisha. Sachi ya pili ikileta neno, simu hiyo ndiyo itakayokurudisha kwake.